Mwovu Asiyeonekana Akipanda: Tamthilia ya Kihistoria na Deni la Ndara

Mlima Ndara, ambao siku hizi watu wengi huujua kwa jina la Sagalla, umesimama kusini mwa mji wa Voi, na yeyote asafiriye kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi huuona kushotoni mwake. Katika karne ya kumi na tisa misafara iliyotoka pwani ilivuka nyika kame ya Taru, ikapitia Maungu, kisha ikafika miguuni pa Ndara ikiwa na kiu kali. Hapo palikuwa na maji, palikuwa na chakula cha kununua katika miaka ya mvua, na palikuwa na watu waliojua kujadiliana. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883 akielekea Umasaini, na mwaka huo huo mmisionari J. A. Wray wa shirika la CMS alianza kazi yake mlimani. Kufikia mwaka 1898 reli ilikuwa imekwisha kupita Voi.

Kipindi hicho kifupi kina kila kitu ambacho mtunzi wa tamthilia ya kihistoria angekitamani: njaa, biashara ya watumwa, dini ngeni, silaha ngeni, na zaidi ya hayo yote, mlango mpya wa madaraka uliofunguka ghafla mbele ya watu ambao baba zao hawakuwahi kuuona. Hata hivyo Ndara haimo katika tamthilia za kihistoria ambazo wanafunzi wa Kiswahili hukabidhiwa. Husoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), husoma Mukwava wa Uhehe ya Mulokozi (1979), husoma Mzalendo Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo. Katika kazi hizo adui mkuu amekwisha kujulikana kabla pazia halijafunguka, na swali linalobaki ni namna ya kumkabili. Hilo si kosa, kwa kuwa lilikuwa swali la wakati wake. Lakini limeacha pengo. Fasihi ya Kiswahili ina madikteta tele, ila ngazi waliyoipandia ni nadra kuonekana jukwaani.

Mathalani, zitazamwe tamthilia tatu ambazo zimewahi kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya: Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001), Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) na Kigogo ya Pauline Kea (2016). Msomaji anapokutana na Bokono, Bokono ni Mtemi wa Butangi tayari. Anapokutana na Sosi, Sosi amekwisha kukalia kiti cha umeya wa Cheneo. Majoka naye ana Sagamoyo mkononi. Hila zimo, tena nyingi. Bokono humtumia kijana Gege, kwa ahadi ya kumwoza binti yake Alida, ili amuue Mwelusi ambaye ni ndugu yake. Kisa hicho kinatokana na hadithi kongwe ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijuma aliitungia utenzi mwaka 1913, na ambamo mtawala wa Pate humhonga mtoto wa shujaa kwa ahadi ya aina hiyo hiyo. Lakini hizo ni hila za kulinda kiti, na hila za kulinda kiti si hila za kukitafuta. Anayelinda kiti ana askari, ana gereza na ana hazina. Anayekitafuta hana chochote isipokuwa ulimi wake na udhaifu wa wenzake. Kwa sababu hiyo yeye ndiye anayefichua mengi zaidi kuhusu jamii, maana kila kipawa anachokikanyaga kimeshikiliwa na mtu fulani.

Mfano mashuhuri wa mwovu wa namna hiyo ni Richard wa Tatu katika tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya mwanzo ya 1590. Wasomaji wa Kiswahili wamezoea zaidi Julius Caesar, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuipitia upya mwaka 1969, na Makbeth ya S. S. Mushi (1968). Katika ya kwanza Kasio hutupa barua za kughushi ili Bruto adhani umma wote unamlilia. Katika ya pili Makbeth husukumwa na wachawi, akasukumwa na mkewe, na kila hatua humtia hofu. Richard hasukumwi na mtu. Anaingia peke yake jukwaani, anawaeleza watazamaji waziwazi kwamba ameamua kuwa mwovu, kisha anawaalika watazame jinsi atakavyofanya. Na watazamaji hukubali mwaliko! Anamtongoza Anne mbele ya maiti ya mkwewe ambaye yeye Richard ndiye aliyemuua, na mjane huyo anaondoka akiwa na pete ya muuaji kidoleni. Anamgonganisha ndugu yake na mfalme, kisha anamlilia ndugu huyo huyo anapopelekwa gerezani. Watoto wawili wa mfalme, wenye haki ya kurithi, anawapokea kwa maneno matamu na kuwapeleka katika Mnara wa London, ambako hawatoki.

Lakini tukio linalofaa kufundishwa kwa muda mrefu kuliko yote ni lile la kuvikwa taji. Buckingham anawahutubia raia wa London akiwataka wamshangilie Richard, nao wanakaa kimya kama mawe. Kimya hicho ni upinzani, ila ni upinzani usio na kauli, na Buckingham anajua namna ya kuutumia. Baadaye anamleta Meya pamoja na wananchi kadhaa mahali ambapo Richard amejitokeza akiwa katikati ya maaskofu wawili, na kitabu cha sala mkononi. Wanambembeleza awe mfalme. Anakataa. Wanambembeleza tena. Anakataa, analalamika kwamba wanamtwika mzigo asiouweza, kisha anaukubali kwa huzuni kubwa. Msomaji yeyote wa Afrika ya Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Kiongozi aliyeombwa na wazee, akina mama na vijana aendelee kuubeba mzigo wa taifa ni mhusika anayejulikana vyema katika ukanda huu, na kitabu cha sala hakikosekani.

Kuna mhusika mdogo sana katika tamthilia hiyo ambaye wahakiki wengi humpita haraka. Ni karani. Amepewa kazi ya kunakili kwa mwandiko mzuri hati ya mashtaka dhidi ya Lord Hastings, na kazi hiyo imemchukua saa kumi na moja. Anapoimaliza anapiga hesabu: saa tano zilizopita Hastings alikuwa hai, huru, wala hajashtakiwa kwa lolote. Sasa amekatwa kichwa, na hati inayoeleza sababu za kukatwa kwake iliandikwa kabla. Karani anaelewa kila kitu. Anasema kwamba ni mjinga tu asiyeona, kisha anauliza ni nani atakayethubutu kusema kwamba anaona. Anaondoka jukwaani na karatasi yake, na hatumwoni tena.

Mhusika huyo anawahusu wanafunzi wa lugha kuliko mfalme mwenyewe. Historia ya pwani inaye karani wake. Mwaka 1859, miaka mitatu baada ya Majid kurithi usultani wa Unguja, ndugu yake Barghash alipanga kumpindua. Aliyemwandikia barua za njama hiyo alikuwa dada yao, Salme binti Said, msichana wa miaka kumi na mitano hivi ambaye alikuwa amejifunza kuandika kwa siri. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na majuto ambayo aliyaeleza katika kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886. Baba yao, Sayyid Said, naye alikuwa amepata utawala wa Oman baada ya kumuua jamaa yake Badr bin Seif mwaka 1806. Shuleni anakumbukwa kama sultani wa mikarafuu. Hizi ni tamthilia zinazosubiri watunzi, na ni ajabu kwamba zimesubiri muda wote huu.

Hapa yafaa kuweka tahadhari moja. Richard wa Shakespeare si Richard wa historia. Mfalme huyo alitawala kuanzia mwaka 1483 hadi alipouawa vitani Bosworth mwaka 1485, na aliyemshinda alikuwa babu yake Malkia Elizabeth, ambaye ndiye aliyekuwa akitawala Shakespeare alipoandika. Kwa maneno mengine, sifa za mwovu zilitengenezwa na upande ulioshinda. Mifupa yake ilipofukuliwa Leicester mwaka 2012, chini ya kiegesho cha magari, ilionekana kwamba uti wa mgongo wake ulikuwa umepinda kweli, lakini ule mkono ulionyauka wa kwenye tamthilia haukuwapo. Mtunzi wa tamthilia ya kihistoria anayemchagua mwovu wake hana budi kujiuliza ni nani aliyekuwa wa kwanza kumwita mwovu, na kwa faida ya nani.

Tahadhari hiyo ndiyo inayoirudisha hoja Ndara. Wataita, na Wasagalla pamoja nao, hawakuwa na mfalme. Mambo yaliamuliwa na wazee katika mabaraza ya ujirani na ukoo. Sasa, mtu apandaye kwa hila huhitaji kiti cha kupandia, na hapa kiti hakikuwapo. Kilichongwa na wageni. Kwanza ilikuja Kampuni ya Imperial British East Africa, ambayo kikosi chake kilimuua Mwangeka mwaka 1892 huko Mwanda kwa sababu ya kuzuia misafara. Kisha ikaja serikali ya kikoloni, ambayo kwa sheria ya mwaka 1902 ya wakuu wa vijiji, na baadaye kwa sheria ya mwaka 1912, ilimtaka kila mkoa mdogo uwe na mtu mmoja wa kuamuru, kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Kiti kilikuwa tayari, na kilihitaji makalio. Mara nyingi waliokalia viti vya aina hiyo nchini hawakuwa wazee waliokuwa na heshima jana yake. Walikuwa watu waliokuwa wamewahi kubeba mizigo ya msafara, au kuishi na wamisionari, au kuwa askari, na ambao waliweza kuzungumza na mgeni.

Na waliweza kuzungumza naye kwa lugha gani? Jambo hili huwa halisemwi katika makongamano ya Kiswahili, nalo ni zito. Walizungumza kwa Kiswahili. Chini ya Ndara, katika miaka ile, Kiswahili hakikuwa lugha ya umoja wa taifa wala ya ukombozi. Kilikuwa lugha ya msafara, ya bei ya pembe na ya mtumwa, baadaye ya kodi na ya hukumu. Mzee wa Sagalla aliyejua Kisagalla pekee alisimama mbele ya mzungu aliyejua Kiswahili cha kubabaisha, na katikati yao alisimama mkalimani. Mkalimani ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pande zote mbili. Angeweza kuongeza neno, angeweza kupunguza neno. Angeweza kumwambia mzee kwamba mgeni amekasirika hali mgeni ameuliza tu njia ya maji, na angeweza kumwambia mgeni kwamba mzee ni mkaidi hali mzee amesema tu kwamba mbuzi wamekwisha. Huyo ni Richard asiyehitaji upanga. Fasihi ya Kiswahili imemsifu Kiswahili kwa miaka mingi, na inastahili kusifu, lakini tamthilia ya Ndara itakayoandikwa kwa Kiswahili italazimika kukiri kwamba lugha yenyewe ilikuwa kipawa cha kwanza cha ngazi.

Kwa upande wa ufundi, kukiri huko kunampa mtunzi silaha ambayo Shakespeare hakuwa nayo. Richard huwageukia watazamaji na kuwaambia siri zake kwa uzungumzi nafsi. Mwovu wa Ndara hahitaji hata kugeuka. Anaweza kusema jambo moja kwa Kiswahili na jambo jingine kwa Kisagalla, mbele ya kila mtu, bila kushusha sauti. Mtazamaji wa Voi anayezijua lugha zote mbili ataelewa papo hapo, atacheka, na akishacheka tu amekwisha kuwa mshirika. Mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam atasikia nusu, na atadanganywa pamoja na wahusika. Baadhi ya walimu watalalamika kwamba kuchanganya lugha kunaharibu usanifu wa kazi. Walalamike. Hapa mchanganyiko ndio maudhui.

Kipo kipengele kingine cha Utaita kinachofaa jukwaa kuliko mizuka yote ya Richard. Ni kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu alichochapisha mwaka 1978, alieleza jinsi Wataita wa milimani walivyoamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta maradhi na maafa kwa jamaa na mifugo. Dawa yake ilikuwa ibada ambayo mtu hujaza kinywaji mdomoni na kukitema kwa kurashia huku akitamka maneno ya heri, ili moyo wake usiwe na kinyongo tena. Wasagalla wana lugha na desturi zao, na mtunzi makini atakwenda kuwauliza wenyewe badala ya kunakili yaliyoandikwa kuhusu jirani zao. Lakini msingi wa jambo uko wazi. Katika jamii iliyojenga dini yake juu ya kuutoa uchungu wa moyo hadharani, mwovu mkubwa kuliko wote ni yule anayeweza kutema kinywaji, kutamka heri zote, na kubaki na moyo ule ule. Kinaya kilicho katika kitendo hicho kimoja kingeweza kubeba sehemu nzima ya tamthilia bila mazungumzo mengi. Richard na kitabu chake cha sala anaonekana mchanga akilinganishwa na mtu huyo, kwa sababu Meya wa London alidanganywa kuhusu ucha Mungu wa mtu mmoja, lakini wazee hawa wangekuwa wamedanganywa kuhusu afya ya watoto wao.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao ni la haki. Watasema kwamba jamii ambazo mashujaa wao hawajatungiwa vya kutosha hazipaswi kuanza na wasaliti wao; kwamba Mwangeka hajapata tamthilia inayolingana na ile ya Kinjeketile, na tayari anatakiwa ampishe mkalimani. Watasema pia kwamba kumweka mwovu mweusi katikati ya hadithi ya ukoloni ni kumpunguzia mkoloni mzigo. Historia ya jirani wa Ndara inawapa nguvu. Mwaka 1915, wakati wa vita baina ya Waingereza na Wajerumani, serikali ya Waingereza iliwatuhumu watu wa Kasighau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wenyeji walihamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wengi wakafia huko, na waliosalia hawakurejea mlimani mwao hadi miaka ya 1930. Watu wote waliadhibiwa kwa kuitwa wasaliti. Kumtafuta msaliti katika nchi kama hiyo ni kuchokonoa kidonda.

Hata hivyo kisa cha Kasighau kinaweza kusomwa kwa njia nyingine. Neno "msaliti" lilitamkwa na mtu fulani, likafasiriwa na mtu fulani, likaandikwa na karani fulani katika hati ambayo iliamua maisha ya mlima mzima. Wahusika wa aina hiyo wasipoletwa jukwaani, tuhuma hubaki imewaangukia wote kwa pamoja, kama ilivyowaangukia mwaka 1915. Tamthilia humwonyesha mtu mmoja mmoja: huyu alisema, huyu alinyamaza, huyu alipata shamba baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mtunzi ana wajibu wa kuonyesha kwamba nguo hiyo ilishonwa na nani, na kitambaa kilinunuliwa wapi. Kiti kilichochongwa na mkoloni kinabaki kuwa cha mkoloni hata kikikaliwa na Msagalla, na tamthilia itakayouonyesha mchongo pamoja na mkalio haitampunguzia mtu yeyote mzigo. Mwangeka naye atanufaika. Shujaa anayezungukwa na maadui wa nje peke yao hukaribia kuwa sanamu. Akizungukwa na watu wanaompigia hesabu kwa lugha anayoielewa nusu, huanza kupumua.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili huonyesha michezo kila mwaka, na mara nyingi huchagua kazi zilizokwisha kuchapishwa kwa sababu mitihani iko karibu. Tamthilia ya Ndara haihitaji jukwaa ghali. Onyesho la kwanza linahitaji mtungi, kiriba, wapagazi wawili waliochoka, mzee mmoja, na kiongozi wa msafara anayetaka kujua bei ya maji. Kando yao asimame kijana mwembamba ambaye hakuna anayemtazama. Mzee anasema neno moja, fupi, kwa Kisagalla. Kiongozi wa msafara anageuka kwa kijana na kumuuliza mzee amesema nini, na kijana, kabla ya kujibu, anawatazama watazamaji.